Mtoto akishafanyiwa ukatili, mzazi naye atafute wa kukaa nao

Kesi ya ubakaji wa mtoto ikifika polisi, mambo ya mwanzo huwa mengi kwa siku chache. Mtoto anapelekwa hospitali, fomu ya PF3 inajazwa, mama anatoa maelezo kwenye dawati la jinsia na watoto. Wiki tatu baadaye nyumba imetulia. Majirani wamesema waliyosema, ndugu wamerudi makwao, mtoto amevaa sare na kwenda shule. Kazi ngumu inaanzia hapo, na hapo ndipo familia nyingi za Arusha hubaki peke yao.

Mtoto wa darasa la nne anaanza kukojoa kitandani. Hataki tena kutumwa dukani, au anakuwa mkali kwa wadogo zake bila sababu. Mama halali usiku. Anarudia siku ile ile kichwani: kwa nini alikwenda soko la Tengeru akamwacha mtoto na mtu huyo? Baba ananyamaza, au anamtupia mama lawama, ambayo ni njia nyingine ya kukimbia maumivu yake mwenyewe. Na wa kuwaeleza ni nani, ikiwa mtuhumiwa ni shemeji, jirani au bodaboda aliyeaminiwa kumpeleka mtoto shule?

Familia za namna hii si chache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Takriban nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Wavulana walinyamaza zaidi, na wazazi wenye watoto wa kiume wasiisome takwimu hiyo harakaharaka.

Kwenye miteremko ya Meru, kwa Wameru na kwa Waarusha, jambo zito la familia huanzia kwa wazee wa ukoo. Utaratibu huo umemaliza migogoro mingi ya mipaka ya mashamba na ya ndoa. Kwa mtoto aliyebakwa haufai. Kosa hilo ni jinai yenye kifungo kisichopungua miaka 30, na cha maisha mtoto akiwa chini ya miaka 10. Hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kulifuta kwa ng'ombe au kwa kuombana radhi. Isitoshe, kwenye kikao hicho mtoto hana kiti. Wanapatana watu wazima, yeye anaambiwa asiseme tena.

Kikundi cha manusura kinafanya kinyume cha hayo. Watu wachache waliopitia jambo linalofanana, wenye umri unaokaribiana, wanakutana kila wiki wakiongozwa na mtu aliyefunzwa. Wasiwasi mkubwa wa wengi ni kwamba watalazimishwa kusimulia kila kitu mbele ya wageni. Sivyo inavyotakiwa kuwa.

Mfano mzuri unatoka mashariki mwa Kongo, kwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili. Katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono walikaa katika makundi ya watu 6 hadi 8 kwa wiki kadhaa. Viongozi wao hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa kawaida wenye angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi, waliofunzwa na kusimamiwa. Hawakudai simulizi ya tukio. Walichofanyia kazi ni mawazo yaliyobaki nyuma: nilijitakia mwenyewe, sifai tena, hakuna wa kumwamini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi uliopindukia walikuwa asilimia 9. Katika vijiji ambako wanawake walisaidiwa mmoja mmoja, walikuwa asilimia 42.

Hao walikuwa watu wazima. Kwa watoto ipo tiba iliyobuniwa Marekani kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono, na ilijaribiwa Moshi, jirani kabisa na Arusha, pamoja na Bungoma nchini Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi. Watoto walikaa kikundi chao, na walezi wao wakawa na chao, kwa majuma 12. Tiba ilipomalizika, watoto wa Bungoma na wa Moshi vijijini walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida; Moshi mjini tofauti hiyo haikujitokeza. Kwa hiyo si dawa ya kila mahali. Lakini kile kikundi cha walezi ndicho wazazi wengi hawajawahi kukifikiria. Mtoto humsoma mama usoni. Akimwona anatetemeka kila jambo hilo linapotajwa, anajifunza kuficha ili asimuumize.

Wengine watasema wana VICOBA, na humo wanafarijiana. Wanafarijiana kweli, kwenye msiba na kwenye ugonjwa. Ila siri ya mtoto isipelekwe mahali ambapo mnadaiana fedha. Siku marejesho yakichelewa, maneno hutoka.

Kikundi pia hakichukui nafasi ya hospitali. Ukatili ukitokea leo, mtoto afikishwe kituo cha afya au Hospitali ya Mount Meru mapema kadiri inavyowezekana, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai baada ya hapo. Asiogeshwe kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe. PF3 hutolewa na polisi bila malipo.

Kwa anayetafuta kikundi, wa kuanza naye ni ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, iwe Jiji la Arusha, Arusha au Meru. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Kabla ya kumpeleka mtoto, mzazi aulize nani anaongoza na alifunzwa wapi, kama wavulana wana kikundi chao, na kama ndugu wa mtuhumiwa wanaweza kukutwa humo. Aulize pia kama mtu anaruhusiwa kuja siku ya kwanza, akae, asikilize, na aondoke bila kusema neno. Wakimjibu kuwa lazima azungumze, atafute kingine.