Nani Mwenye Gari Hili?

Wapo wanaotuuliza kwa nini wadai wa mageuzi wapoteze wino wao kuzungumzia mikopo ya magari. Gari, wasema, ni jambo la mtu binafsi: mwenye nacho anunue, asiye nacho apande matatu au atembee kwa miguu. Twakataa hoja hiyo. Raia anapotia sahihi karatasi asizozielewa, kwa lugha asiyoimudu, akaahidi kulipa jumla asiyotajiwa, kisha akanyang'anywa alichokilipia bila kusikizwa na hakimu yeyote, jambo hilo limekoma kuwa la mtu binafsi. Limekuwa suala la haki, na haki ndiyo kazi yetu.

Tuanze na hesabu, maana dhuluma nyingi katika nchi hii hujificha ndani ya hesabu.

Mnunuzi anayeingia katika yadi ya magari mjini Mombasa au Nairobi haambiwi bei. Huambiwa fungu la mwezi. Muuzaji humwuliza, "Unaweza kulipa ngapi kila mwezi?" na swali hilo laonekana kuwa la upole. Kumbe ni mtego. Fungu lolote laweza kufanywa dogo kwa kurefusha miaka, na kadiri miaka inavyorefuka ndivyo jumla inavyonenepa gizani.

Tuchukue mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miaka 4. Mkopeshaji wa kwanza anatangaza riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Wa pili anatangaza asilimia 17. Mwananchi mwenye haraka atakimbilia wa kwanza. Lakini wa kwanza hutoza riba isiyopungua, yaani kila mwaka hutoza asilimia 14 ya shilingi milioni nzima, hata mwaka wa nne ambapo sehemu kubwa ya deni imekwisha kulipwa. Riba yake ni shilingi 560,000, na fungu la mwezi ni 32,500. Wa pili hutoza riba ya salio linalopungua. Kwake fungu ni shilingi 28,855 hivi, na riba yote ni kama 385,000. Aliyetangaza asilimia ndogo ndiye mghali, tena kwa shilingi 175,000 hivi! Ukiipima riba yake kwa mizani ile ile ya salio linalopungua, asilimia 14 yake ni takriban asilimia 24.

Sasa mtazameni wa tatu, ambaye hana bango barabarani: chama cha akiba na mikopo. Vyama vingi vimezoea kutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Mkopo ule ule, kwa muda ule ule, hulipwa kwa mafungu ya shilingi 26,334 hivi, na riba yote haifiki 265,000. Chama hudai uwe umeweka akiba kwanza, mara nyingi theluthi moja ya kile unachokopa, na ulete wadhamini. Ni masharti yanayochelewesha. Lakini kuchelewa huko kwafunza kitu ambacho bango haliwezi kufunza: kama umeshindwa kuweka akiba kila mwezi kabla ya gari, utawezaje kulipa fungu baada ya gari, hali gari lenyewe nalo lataka kulishwa?

Wa nne ndiye wa kuogopwa zaidi. Huyu hauzi gari. Hukopesha juu ya logibuku ya gari ulilo nalo. Pesa zatoka siku hiyo hiyo, na ndiyo maana mwenye mgonjwa hospitalini au karo isiyolipwa humkimbilia. Tuseme amekupa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 4 kwa mwezi isiyopungua, mwaka mmoja. Utarejesha 444,000. Asilimia 4 yasikika kama kitu kidogo, lakini kwa mizani ya salio linalopungua riba hiyo inakaribia asilimia 80 kwa mwaka. Na hapo hatujahesabu ada ya kukadiria gari, ada ya kifaa cha kulifuatilia, ada ya fomu, wala faini ya kuchelewa.

Wasomaji wetu wa Biblia watakumbuka kwamba Torati ilimkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kuchukua jiwe hilo ni kuchukua uhai wa mtu. Pikipiki ya bodaboda ni jiwe la kusagia. Matatu ya mkopo ni jiwe la kusagia. Ukiinyakua alfajiri kwa kuwa fungu moja limechelewa, umemnyang'anya mdaiwa chombo pekee ambacho kingeweza kulilipa deni lako. Torati hiyo hiyo ilimwamuru mkopeshaji asimame nje ya nyumba, asiingie kujichukulia rehani. Leo dalali haulizi ruhusa mlangoni. Huja na gari la kuvuta.

Je, sheria yasemaje? Hapa hatuna budi kuwaambia wasomaji wetu jambo ambalo mkopeshaji hatalisema. Ipo sheria ya Kenya ya mwaka 1968 juu ya ununuzi wa kukodi, Sura ya 507, yaani ule ununuzi ambao unalitumia gari na kulilipa kwa mafungu, huku muuzaji akibaki kuwa mwenye mali hadi fungu la mwisho. Sheria hiyo yasema kwamba mnunuzi akishalipa thuluthi mbili za bei yote, mwenye mali hawezi kulichukua gari ila kwa kufungua kesi. Ni kanuni ya busara. Yatambua kwamba aliyelipa thuluthi mbili si mwizi wala si mpangaji tu. Ana sehemu yake katika kitu kile, na sehemu ya mtu haichukuliwi bila yeye kusikizwa.

Lakini ngao hiyo ni fupi. Haimkingi mnunuzi ambaye bei ya mkataba wake imevuka shilingi milioni 4. Tena mikopo mingi ya magari siku hizi haiitwi ununuzi wa kukodi. Benki hukupa mkopo, jina lake likaandikwa pamoja na lako katika logibuku, na gari likawa dhamana chini ya Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017. Sheria hii ina mema yake: imeanzisha sajili moja ya dhamana, na mkulima aweza kukopa kwa ng'ombe wake au kwa mazao yake. Lakini yampa mkopeshaji njia ya kuichukua dhamana bila kupitia mahakamani, iwapo mkopaji aliridhia hivyo katika mkataba. Na ni mkopaji gani asiyeridhia? Ridhaa yake imechapwa tayari kwa herufi ndogo katika ukurasa ambao karani aliufunua upesi akisema, "Tia sahihi hapa, na hapa." Kwa hiyo wananchi wawili walionunua magari ya aina moja, kwa bei moja, wakalipa thuluthi mbili kila mmoja, mmoja analindwa na mahakama na mwingine halindwi, kwa sababu tu ya jina lililoandikwa juu ya karatasi. Twauliza: haki gani hiyo inayotegemea kichwa cha fomu?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji, na haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vifungu hivi viwili havijakutana bado katika ofisi za mikopo. Mwananchi huhubiriwa kwa Kiswahili, huombwa kura kwa Kiswahili, hutongozwa na matangazo ya mikopo kwa Kiswahili, kisha hufungwa kwa Kiingereza.

Wakopeshaji watajitetea. Watasema riba ni kubwa kwa sababu wapo wasiolipa, na kwamba mahakama zetu huchukua miaka. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, na sisi tunaoshinda mahakamani hatuwezi kuikana. Asiyelipa kwa makusudi humwibia mkopaji mwaminifu wa kesho. Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini jumla ya deni ifichwe. Hatari ya kutolipwa yaweza kuongeza bei. Haiwezi kuhalalisha kuificha bei.

Wala tusiwaachie wakopeshaji peke yao lawama yote. Riba ya nchi hupikwa Nairobi, katika jiko la serikali. Wazee kati yetu wanakumbuka mwaka 1993, baada ya pesa kumwagwa wakati wa uchaguzi wa 1992 na katika kashfa ya Goldenberg, riba ya hati za Hazina ilipovuka asilimia 70. Serikali inapokopa bila kiasi, benki ina haja gani ya kumpigania mwalimu anayetaka gari kuukuu? Humkopesha mkubwa asiyefilisika, ikalala usingizi. Mwaka 2016 Bunge liliweka dari: riba ya benki isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wengi tulishangilia. Lakini benki ziliwapa mgongo wakopaji wadogo na kuikopesha serikali zaidi, na mnamo Novemba 2019 dari hilo likaondolewa. Funzo tulilopata ni hili: huwezi kuiweka riba chini kwa amri huku ukiiacha tamaa ya serikali juu.

Yazidishwe hapo na kodi. Ushuru wa forodha wa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, na juu ya jumla hiyo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mwaka huo huo kodi ya ongezeko la thamani ya mafuta iliongezwa maradufu, kutoka asilimia 8 hadi 16. Na mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, hadi vijana walipoijaza mitaa na mswada ukaondolewa. Hao walioandamana wengi wao hawana magari. Walijua kwamba kodi ya gari hupanda nauli, na nauli hupanda unga.

Na viongozi wetu je, wao hukopa vipi? Mnamo Februari 2021, wakati mabunge ya kaunti yakingoja kupiga kura juu ya mswada wa BBI, mkopo wa gari wa mwakilishi wa wadi uligeuzwa kuwa ruzuku ya shilingi milioni 2. Mkopo hulipwa, ruzuku hailipwi. Muuguzi anayemhudumia mwakilishi huyo hulipa riba ya gari lake, na kwa kodi yake hulipa gari la mwakilishi pia. Yeye ana gari moja, lakini analipia mawili.

Hata hivyo, kudai haki kwa wengine hakutuondolei wajibu wa kujipima wenyewe. Yesu aliuliza ni nani atakaye kujenga mnara asiyeketi kwanza kuhesabu gharama. Tuketi basi. Mtu apokeaye mkononi shilingi 80,000 kwa mwezi akichukua ule mkopo wa 28,855, akatumia 14,000 kwa mafuta, akatenga 4,200 kwa bima kamili na 5,000 kwa fundi na magurudumu, gari limekula 52,055. Zimebaki 27,945 za kodi ya nyumba, chakula, karo na mama kijijini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema makato yote yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Basi kipimo chetu kiwe kikali kuliko hicho: jumlisha fungu, mafuta, bima na fundi; ikivuka theluthi moja ya unachopokea mkononi, gari hilo si lako bado. Tafuta la bei ndogo, ongeza malipo ya kwanza, au ngoja.

Na makanisa yetu yasikilize. Kamati ya parokia inapomkopea mchungaji gari kubwa kwa kutegemea harambee za wikendi, imeweka sadaka ya mjane kuwa dhamana ya riba. Fungu la kwanza hulipwa kwa nderemo, la kumi kwa matangazo, la ishirini kwa mwanasiasa. Na mwanasiasa akishalipa fungu, nani tena atamkemea akisimama madhabahuni?

Kwa hiyo twadai haya. Kwanza, kila mkopo wa gari uwe na ukurasa wa mbele, kwa Kiswahili, wenye tarakimu tatu: bei ya pesa taslimu, jumla yote itakayolipwa pamoja na ada, na riba ya mwaka kwa salio linalopungua. Pili, kanuni ya thuluthi mbili ipanuliwe ifike katika kila mkopo wa gari na pikipiki, uitwe jina lolote. Tatu, pasiwe na kunyakua chombo cha kazi kabla ya ilani ya maandishi na nafasi ya kweli ya kulipa kilichochelewa.

Wakati Bunge likisinzia, tusisinzie sisi. Kila kikundi cha haki na amani katika parokia kichague watu wawili wajuao hesabu na mmoja ajuaye sheria, wakae Jumapili moja kila mwezi baada ya ibada, na yeyote anayetaka kukopa awaletee mkataba kabla ya kutia sahihi, si baada. Waulize maswali matatu tu: jumla ni ngapi, riba ni ya salio lipi, na siku nikishindwa nani ataamua? Mkopeshaji asiyejibu matatu hayo kwa maandishi amekwisha kujibu.