Maumivu ya shingo na mabega: Vidonge na kukandwa havitoshi



Katika kazi yangu ya uafisa tabibu, ni nadra siku kupita bila kuja mgonjwa anayelalamikia shingo na mabega. Huyu ni fundi cherehani, yule ni mama anayejitwisha ndoo, mwingine ni kijana anayeinamia simu hadi usiku wa manane. Wengi wao huomba kitu kimoja tu: sindano au vidonge.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapokosea. Mara nyingi maumivu haya hutoka kwenye msuli mpana unaoshuka kutoka kisogoni hadi mabegani. Ukikaa katika hali moja kwa saa nyingi huchoka, hukaza na kuuma. Diklofenaki hutuliza maumivu, lakini haiupi msuli nguvu. Aidha, ikitumiwa mfululizo inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu.

Kukandwa kwa maji ya moto au mafuta si vibaya, ila nafuu yake ni ya muda mfupi. Ama kinyozi kukuzungusha shingo kwa nguvu mpaka ilie, hilo tuliepuke kabisa. Linaweza kuchana mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo.

Tiba yenye mizizi ni mazoezi. Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wafanyakazi wa ofisini 198 wenye maumivu haya. Waliofanya mazoezi ya mabega kwa mpira wa kuvuta, dakika 2 tu kwa siku, siku 5 kwa wiki, walipata nafuu ndani ya wiki 10 kuliko waliopewa maelezo ya afya peke yake.

Wapo wanaosema swala inatosha kuwa mazoezi. Swala ni ibada. Harakati zake zina manufaa, lakini haikuwekwa iwe dozi ya msuli uliodhoofika. Hata hivyo, inatupatia ratiba nzuri. Baada ya swala mbili au tatu kila siku, fanya haya:

1. Rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, hesabu 5, mara 10.
2. Laza sikio upande wa bega, hesabu 20, kila upande mara 3.
3. Shika chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, inua mikono pembeni hadi usawa wa mabega, mara 10.

Usipopata nafuu, omba rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Lakini wahi hospitali bila kuchelewa ikiwa maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali, au yanaambatana na homa, ganzi, udhaifu wa mikono au miguu, au maumivu ya kifua.

Asiyeweza kurukuu au kusujudu kwa maumivu ameruhusiwa kuswali kwa namna anayoweza. Ruhusa hiyo isiwe sababu ya kuacha kujitibu.

Wabillahi tawfiq.