Frateri, mbona mimi ndiye ninayetumwa ulanzi?



Likizo iliyopita tulisaidia kufundisha darasa la Kipaimara katika kigango kimoja cha Makambako, watoto wa miaka 12 hadi 14. Tulipowauliza mambo yanayoharibu afya, walijibu kwa pamoja kama wanaokariri jedwali: pombe, sigara, bangi, zinaa. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Frateri, kama ulanzi ni mbaya, mbona mimi ndiye ninayetumwa kuununua?"

Tulicheka. Tulikosea.

Ulanzi uliogemwa leo ni mtamu, na huku kwetu kwenye baridi si ajabu mtoto kuonjeshwa. Ukikaa, unakuwa mkali. Aliyezoea ule mtamu hashtuki akipewa huo mwingine, na njia ya kilabuni anaijua tayari, maana sisi ndio tuliomwonyesha.

Kisha kuna barabara. Makambako ndipo njia ya Songea, inayopita Njombe, inapokutana na njia kuu ya Mbeya. Malori hulala hapo, na watoto wetu huuza karanga na mahindi ya kuchoma kando yake hadi usiku. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha mkoa wa Njombe unaongoza nchini kwa VVU: asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Wapo wazazi wanaosema tukizungumza nao wazi tutawafungua macho. Macho yalishafunguka zamani, wazazi wetu. Wanachokosa ni mtu mzima wa kuzungumza nao bila kuwatisha.

Hata chakula ni hivyo hivyo. Mwaka 2022 nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, mkoa wa viazi, maharage na parachichi! Tunauza parachichi, tunanunua soda. Wasichana wa darasa letu watakuwa mama baada ya miaka michache.

Tunaomba jambo dogo: kila darasa la Kipaimara litengewe Jumamosi mbili, aje muuguzi wa zahanati, na wazazi wakae humo humo wasikie maswali ya watoto wao. Tukifundisha kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, tuseme pia hekalu hilo linakula nini na linatumwa wapi jioni.

Yule kijana hatujamjibu bado. Desemba tunarudi.