Msimfiche mgeni bukari yetu

Leo sina habari ya mkutano wala ya daraja lililovunjika. Leo naongea juu ya sahani. Najua wengine watasema mwandishi amekosa kazi. Ngojeni kwanza.

Mwaka uliopita niliombwa kumsindikiza mgeni mmoja hapa Kamina kwa siku tatu, fundi wa mashine kutoka inchi ya Austria. Siku ya kwanza, saa sita ya mchana, aliniuliza kwa Kifaransa chake kizito: "Watu wa hapa wanakula wapi?" Dereva aliniangalia, na mimi nikamwangalia dereva. Jibu tulikuwa nalo wote wawili: nyuma ya gare, kwa mama ambaye dereva huyo anakula kwake kila siku, na mimi pia, siku feza ikiwapo mfukoni. Lakini hakuna aliyefungua kinywa. Tukampeleka kwenye hoteli. Tulingoja karibu saa mbili nzima, kisha wakatuletea spageti na mayai ya kukaanga, mayonezi pembeni. Mgeni alimaliza yote kwa heshima. Halafu akasema neno moja ambalo hadi leo linaniuma: "Spageti hata kwetu iko."

Nawaambia wazi, siku ile nilisikia haya. Na haya yenyewe ilikuwa ya nini? Ya bukari. Ya sombe. Ya chakula kilichonilea mimi na dereva na mpishi wa hoteli ile, maana huyo mpishi naye, nilimwona kwa macho yangu nyuma ya jiko, alikuwa anakula bukari na lenga-lenga katika bakuli ya plastiki.

Ndiyo sababu nakataa neno ambalo nalisikia kila mara, midomoni mwa wageni na midomoni mwetu pia: "Kamina hakuna pahali pa kula." Ni uongo. Pahali papo, na pazuri. Kinachokosekana ni sisi kukubali kupaonyesha.

Tuanze na semina. Kila mtu wa Kamina anazijua semina. Tangu 2015, Katanga ilipogawanywa na mji wetu ukawa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, wakubwa wanakuja, mashirika yanakuja, na kila mara kuna ukumbi, kuna bango, kuna chakula cha mchana. Nimekaa katika semina nyingi na kinasa sauti changu. Nimesikia watu wakiongea asubuhi nzima juu ya kusaidia wanawake na familia zilizohama, na saa saba tunapanga foleni kuchukua wali, kuku aliyegandishwa aliyevuka bahari, na samaki thomson aliyevuka bahari vilevile. Nje ya ukuta, mwanamke aliyehama, yule aliyesemwa asubuhi nzima, amekaa na sufuria yake ya sombe anatafuta mnunuzi. Semina imelipa chakula kwa dola. Huyo mama siku hiyo amerudi na nusu ya sufuria nyumbani. Mnaona hasira yangu inatoka wapi?

Watu wa mpango wana jibu lao: "Mama hana faktira." Sawa. Lakini mtu anayeweza kuandika ripoti ya kurasa hamsini, ameshindwa kuwakalisha wamama watano pamoja na kuwanunulia kitabu kimoja cha faktira?

Sasa niwaambie juu ya chakula chenyewe, maana wasafiri wanaoshuka katika treni na kukaa masaa kwenye gare wanastahili kujua, na ndugu waliofika hapa na mizigo kichwani wengine hawajaonyeshwa bado.

Bukari ya Kamina inasongwa kwa unga wa mahindi, au wa mihogo, au vyote viwili, inategemea mkono wa mama na bei ya soko. Sombe inatwangwa, inachemshwa muda mrefu mpaka uchungu unaisha, kisha mawese, kitunguu, na kama mama hana uchoyo, karanga. Kuna matembele, kuna lenga-lenga, kuna ngai-ngai yenye ukali inayoamsha hata mgonjwa. Mvua ikianza kuna uyoga. Kuna munkoyo wa kunywa kwa wasiotaka pombe. Na juu ya yote kuna samaki. Jimbo letu lina Lualaba, lina ziwa Kisale, lina ziwa Upemba. Kambale wa kukaushwa kwa moshi anatoka Kinkondja na vijiji vya ziwani, anapita Bukama, anafika hapa akiwa mweusi kama mkaa na harufu yake inatangulia. Ukimchemsha na nyanya na pilipili kidogo, hauongei tena mezani.

Hapo nina ugomvi wa pili. Katika pahali pamoja ambapo sitapataja, niliandikiwa ubaoni: samaki freshi wa Upemba. Nikaagiza. Akaja thomson, mkia wake naujua kama ninavyoujua mkono wangu. Nilipouliza, kijana akacheka: "Papa, samaki ni samaki." Hapana, mdogo wangu. Yule mgeni wa Austria alinieleza kwamba kwao kuna chakula kinaitwa Wiener Schnitzel, nyama iliyopondwa mpaka inakuwa nyembamba, ikavikwa unga wa mkate na kukaangwa. Kanuni ya vyakula ya inchi yao inasema jina hilo ni la nyama ya ndama peke yake. Ukitumia nguruwe, inabidi uandike kwamba ni nguruwe. Hakuna anayekatazwa kupika nguruwe. Anakatazwa kudanganya jina. Sisi tunangoja nini? Thomson auzwe kwa jina lake, mimi mwenyewe namla mwisho wa mwezi. Lakini mvuvi wa Kisale anayelala mtumbwini kati ya mbu asiibiwe jina la samaki wake na friji.

Kuna watu watanijibu hivi: "Chakula cha asili gani Kamina? Huu mji ni wa wapita njia." Ndiyo, ni kweli, na hapo ndipo utajiri wetu ulipo. Reli kutoka kusini ilifika Bukama katika 1918, na katika 1928 njia ya kupita Kamina kuelekea Ilebo, wakati ule Port-Francqui, ilikuwa imekamilika. Kampuni ya BCK ilileta wafanyakazi kutoka kila upande. Mpaka leo siku ya sita ya juma tunaiita siku ya posho, kwa sababu ilikuwa siku ya kugawa chakula cha wafanyakazi. Fikirini, sisi ni watu ambao hata jina la siku limetoka katika chakula, halafu tunasema hatuna la kumpa mgeni!

Na njia hiyohiyo ya reli ilileta machozi. Wazee wanakumbuka 1992 na 1993, familia za Kasaï zilizofukuzwa Likasi na Kolwezi zikipita hapa katika mabehewa, watoto juu ya mizigo, wengine wakifa njiani. Miaka ya nyuma tumeona ndugu waliokimbia vita vya Waluba na Watwa upande wa Manono na Kabalo, na wengine waliokimbia vita vya Kasaï. Waliobaki kati yetu hawakuja mikono mitupu. Mama wa Kasaï anasonga bukari yake kwa mahindi na mihogo pamoja, anaiita nshima, na mkono wake katika matamba, ndiyo sombe yetu, una siri yake. Mama aliyetoka upande wa Tanganyika anajua ndakala na dagaa wa ziwa kuliko sisi. Vyote hivyo leo viko nyuma ya gare, vimepangwa bega kwa bega.

Nilimwambia mgeni mambo haya nikidhani atasema basi si chakula cha asili. Alicheka. Alisema Vienna, mji wao mkubwa, ulikuwa makao ya himaya ya mataifa mengi mpaka 1918, na chakula ambacho wasafiri wanakitafuta leo kwa jina la Vienna kimejaa mikono ya wageni: gulasch ilitoka kwa Wahungaria, na wapishi wa majumba ya mji ule wengi walikuwa wanawake kutoka Bohemia. Viazi vyao vilitoka Amerika, kama mahindi yetu na mihogo yetu. Leo ukifika Vienna na kuuliza pahali pazuri pa kula, mwenyeji hakupeleki kwenye hoteli kubwa. Anakupeleka mtaani kwake, kwenye nyumba ndogo ambapo chakula cha siku kimeandikwa kwa chaki na wafanyakazi wamekaa. Wenyeji wanaona fahari. Wapishi wale kutoka Bohemia walikuwa nani? Watu waliohama kutafuta kazi, kama mama unayempita kila siku bila kumsalimu.

Najua neno ambalo linangoja: kipindupindu. Silichezei. Bukama, Kinkondja, Malemba-Nkulu, ugonjwa huo tunaujua kwa majina ya marehemu, na mimi nimesoma matangazo yake hewani mara nyingi. Mtu anayesema tuangalie usafi anasema kweli. Lakini nakataa usafi ugeuke fimbo ya kuwafukuza wamama huku hoteli haiangaliwi na mtu. Sahani ya mayonezi iliyokaa mezani tangu asubuhi bila umeme, hiyo nani ameipima? Bukari iliyotoka motoni sasa hivi na mchuzi unaochemka vina hatari ndogo kuliko hiyo. Hatari kubwa ni maji: ya kunawa, ya kunywa, ya kuosha sahani. Na maji hayo wamama wanayabeba mbali. Kila siku mtu anapita kwao na karatasi ndogo kudai kodi ya pahali, wakati mwingine bila karatasi. Miaka yote hiyo ya kodi, bomba liko wapi? Choo kiko wapi? Wekeni bomba moja na choo kimoja nyuma ya gare, ndipo mrudi kuwahubiri.

Na ninyi wamama, sitawaacha. Kuna wanaoona ngozi nyeupe au jeep ya shirika na bei inaruka mara tatu. Hapo mnajikata mguu wenyewe, maana mgeni akijua amedanganywa anarudi kwenye spageti. Bei iandikwe kwenye kipande cha karatoni. Sabuni iwe karibu na beseni ya kunawa, na maji ya kunawa yamwagwe juu ya mikono kwa kikombe, watu kumi wasichovye mikono katika beseni moja.

Kwa wewe msafiri unayeshuka na hujui mtu, nakupa ninayoyafanya mimi nikitumwa Kabongo au Kaniama. Usiulize kwenye mapokezi ya hoteli. Muulize mfanyakazi wa reli, au kijana wa pikipiki, lakini umuulize vizuri: si "restora nzuri iko wapi," maana atakupeleka penye viti vya plastiki vipya. Uliza, "wewe mwenyewe utakula wapi leo?" Angalia sufuria ngapi ziko motoni. Mama mwenye vyakula viwili tu, na watu wamesimama wakingoja, huyo ndiye. Mwenye vyakula kumi ubaoni hana hata kimoja. Angalia kama bukari inasongwa mbele yako au imefungwa katika plastiki tangu asubuhi. Na nawa mikono kabla hata hujakaa.

Siku ya tatu, mgeni akiwa amebakiza masaa machache, mimi na dereva tuliamua. Tulimpeleka nyuma ya gare. Mama alimtazama, akatutazama sisi kama watu waliopotea njia, kisha akafuta benchi kwa kitambaa. Kambale, sombe, bukari moto. Mgeni hakujua kufinyanga tonge, likamvunjikia mkononi, na watoto wa mama wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Yule mama alifika hapa bila sufuria hata moja. Alianza kwa kukaanga mikate kwa mafuta ya kukopa. Mgeni alipotaka kumwachia feza zaidi, alikataa, akamwambia dereva atafsiri: "Mwambie alete wenzake."

Hajarudi bado. Lakini wiki ijayo kuna semina nyingine, nimeona bango. Yeyote mwenye kupanga chakula chake anajua gare iko upande gani. Yule mama anaanza kusonga saa tano na nusu, na kufika saa nane sufuria ni tupu.