Ndovu wa Tsavo ni wako, lakini umewahi kuwaona?

Hebu simama Mbaraki asubuhi utazame malori yakitoka bandarini kwenda Nairobi. Baada ya masaa machache, utingo atakuwa anapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na akibahatika ataona ndovu dirishani, bure kabisa. Wewe uliyezaliwa hapa kisiwani umewaona wapi? Kwa simu.

Tumezoea kulaumu kiingilio. Lakini piga hesabu vizuri, ndugu yangu. Kwa Mkenya, kinachokwamisha zaidi ni gari. Mbugani huingii kwa miguu, na matatu ya Voi inakushusha barabarani. Zile gari za kufunguka paa? Hizo zawangoja wageni mahotelini, Nyali na Diani.

Na hii si stori ya picha za Instagram tu. Mwaka 2022, kati ya Februari na Oktoba, ukame uliua ndovu 205 nchini. Mtaani kwenu nani alishtuka? Reli ya SGR nayo ilikatiza Tsavo, na treni ya abiria ilipoanza 2017, sisi tulibishana nauli tu. Utalilia vipi kitu hukijui?

KWS ituwekee basi la wikendi kutoka kisiwani, nauli ya kijana. Wakichelewa, msingoje: changeni watu 14, kodini gari, mwende. Siku tukiambiwa tuitetee Tsavo, angalau tujue twatetea nini.