Mikono Mingi, Sauti Moja

Jamaa nyingi za kwetu hula kwa motokari. Pikapu moja ya zamani hupeleka unga na makala sokoni, huleta samaki wa Kasenga mpaka Lubumbashi, humfikisha mgonjwa hospitalini usiku, na faida yake hulipa karo ya watoto. Injini ya pikapu hiyo ikifa, si chuma tu kilichokufa. Nyumba nzima yasimama. Ndiyo maana leo twapenda kuzungumza juu ya kazi ambayo akina baba wengi huifanya uani pamoja na rafiki zao: kutoa injini iliyokufa na kutia nyingine mahali pake.

Gereji kubwa hudai fedha ambazo jamaa haina. Basi mwenye motokari humwita fundi mmoja anayemwamini, na shemeji yake, na majirani wawili watatu, na vijana wenye nguvu. Desturi hii hatuilaumu. Ni njema, kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kazi hii yaweza kuvunja mguu wa mtu, yaweza hata kumwua, tena yaweza kuvunja urafiki wa miaka mingi. Yafaa tuitazame vizuri kabla ya kushika spana.

*Kununua kwa macho mawili*

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux ya dizeli, ambayo barabara zetu zaijua sana. Nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilitiwa injini za ukoo mmoja, zenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja: 2L, 3L, na baadaye 5L. Kwa kuwa ni ndugu, 3L mara nyingi huweza kukaa mahali pa 2L bila kukata wala kuchomelea chuma. Kwa nje hufanana. Kwa ndani hazilingani.

Ninyi wanafunzi, chukueni kalamu. Katika 2L upana wa silinda ni milimita 92, na mwendo wa pistoni ni milimita 92. Katika 3L ni milimita 96 na 96. Tafuteni ujazo wa silinda moja kama mwalimu alivyowafundisha, mzidishe kwa nne. Mtapata sentimita za ujazo 2,446 kwa ile ya kwanza, na 2,779 kwa ile ya pili. Milimita nne tu, na tofauti yapita sentimita za ujazo 330! Hesabu ya darasani hufanya kazi hata chini ya boneti.

Injini hizo kwa kawaida ni mitumba. Nyingine zatoka Japani, nyingine zapitia masoko ya vipuri ya Dubai na Sharjah. Zile zinazokuja Katanga kwa njia ya Dar es Salaam hupita Zambia na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Muuzaji atasema ya kwamba ilitembea kidogo tu. Msimwamini wala msimtukane, angalieni wenyewe. Mtieni spana bolti kubwa ya mbele, mkazungushe injini kwa mkono: izunguke mizunguko miwili kamili bila kukwama. Fungueni kifuniko cha oili: mkiona utelezi mweupe kama maziwa, huenda maji yaliingia mahali pasipo pao. Fundi akiwa na kipimo cha mkazo wa hewa, apime silinda zote nne. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyokazwa zaidi ya mara ishirini. Silinda ikivuja hewa, asubuhi yenye baridi motokari haitawaka.

Jambo la mwisho la ununuzi ni karatasi. Nambari ya injini imepigwa katika chuma chake. Iandikwe katika risiti pamoja na jina la muuzaji na tarehe, maana mtu asiye na risiti hana la kujibu akiulizwa injini imetoka wapi.

Tena, baba wa nyumba asinunue kwa siri. Fedha hizo ni za mama vilevile, na labda ni karo ya muhula ujao. Mama akijua bei tangu mwanzo, atajua pia namna ya kubana matumizi. Akiijua baadaye kwa majirani, uchungu wake utakuwa na haki.

*Kabla ya kuinua*

Usiku wa kuamkia kazi, fundi na mwenye motokari wakae pamoja waandike: nani atashika nini, nani atasema. Waswahili wa pwani wasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika kazi hii nahodha ni mmoja, naye si lazima awe mwenye motokari, wala mkubwa kwa umri, wala yule aliyeleta vyombo. Ni yule aijuaye kazi.

Asubuhi, betri ifunguliwe kwanza, waya wa hasi ukitangulia. Maji ya rejeta na oili ya zamani vitolewe katika beseni. Oili hiyo isimwagwe uani wala mtaroni, maana mvua itaipeleka kisimani na mtoni; itiwe katika madumu, ipelekwe kwa mafundi wanaoikusanya. Kila waya na kila bomba lifungwe kitambaa chenye nambari, na simu ya mmoja wenu ipige picha kabla ya kufungua. Bolti za kila sehemu zikae katika kopo lake. Kazi hizi ndogo huwafaa sana watoto wa shule, kwa kuwa zataka macho na mwandiko mzuri kuliko nguvu. Mtoto aliyeandika nambari leo ndiye atakayemwokoa fundi kesho jioni, wakati wote wamechoka na waya mbili zafanana.

*Uzito usiosamehe*

Injini ya namna hii hukaribia kilo 200, na ikiwa na vifaa vyake vyote huzidi. Twaona wengine wakiitundika katika tawi la mwembe. Ole wao! Tawi likiwa bichi hupinda, likiwa kavu huvunjika, wala halipigi hodi. Tumieni kapi ya mnyororo juu ya miguu mitatu ya chuma iliyofungwa imara, au juu ya boriti ambayo fundi ameipima. Ndoana zishike masikio ya chuma yaliyowekwa na kiwanda kwa kuinulia, si mabomba wala pampu ya dizeli. Pikapu yenyewe isimame juu ya vigingi vya chuma, si juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali, maana tofali hupasuka ghafula.

Kisha inueni sentimita tano tu, mkangoje. Hesabuni mpaka mia. Kama kitu kitalia, kitalia sasa, injini ikiwa bado karibu na kitako chake. Tangu hapo, asiwepo mtu wala mkono wa mtu chini ya mzigo, hata kwa kuokota nati moja. Watoto wadogo wakae mbali. Na pombe, wapenzi, ingojee jioni. Aliyekunywa asishike mnyororo.

Twaijua jamaa moja mjini Lubumbashi iliyofika hapo hapo. Injini ilikuwa imeinuka kidogo, lakini haikutaka kuachana na sanduku la gia. Wanaume sita walikuwa wakipiga kelele, "Vuta! Tikisa! Vuta!" Kijana wa miaka kumi na sita hivi, aliyeshika taa, akasema kwa sauti ndogo, "Ngojeni, baba zangu. Naona bolti moja juu." Mjomba wake akamkaripia: "Wewe umeshika taa, shika taa." Lakini fundi aliinua mkono, na kelele zikakoma. Akaichukua ile taa, akainama, akaangalia nyuma ya injini, juu kabisa, mahali ambapo jicho la mtu aliyesimama halifiki. Bolti ilikuwapo, imefunikwa na matope ya miaka. Wangaliendelea kuvuta, sikio la sanduku la gia lingalivunjika, au injini ingaliruka na kumpiga mtu kifuani.

Fundi akaifungua bolti ile, akamkabidhi kijana mkononi. Hakusema neno. Injini ikatoka kama kisu katika siagi.

Wasomaji wapendwa, tumeeleza habari hii si kwa kuwacheka wale wanaume sita, kwa maana walikuwa watu wema waliotoa siku yao bure. Twaieleza kwa sababu ndani yake mna sheria mbili, nazo hazipigani. Ya kwanza: amri ya kuinua na kushusha ni ya mtu mmoja. Ya pili: neno "ngoja" ni la wote. Mtoto aweza kulisema, mwanamke anayepita na maji aweza kulisema, hata jirani anayetazama juu ya ukuta. Likisemwa, kazi isimame, na fundi aangalie. Likisemwa bure mara tisa, tumepoteza dakika tisa. Mara ya kumi laweza kuwa uhai wa mtu. Kwetu twawafundisha watoto kunyamaza mbele ya wakubwa, na heshima hiyo ni urithi mwema. Lakini heshima inayomnyamazisha mtoto aliyeona hatari si heshima tena.

*Kuwasha, na kulipa*

Injini ya zamani ikiwa nje, tazameni klachi, maana kuibadili sasa ni kazi ndogo, na baadaye ni kazi ya siku nzima. Badilini pia mkanda wa meno wa mbele hata ukionekana mzima. Ukoo huu wa injini watakiwa mkanda mpya kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika injini ikienda, pistoni hugonga valvu, na fedha zote zimekwisha. Kabla ya kuwasha, tieni oili na maji, toeni hewa katika mabomba ya dizeli, mkazungushe injini kwa stata bila kuiruhusu kuwaka mpaka taa ya oili izimike. Siku ya kwanza itembee bila mzigo, kisha bolti zikazwe tena.

Halafu yabaki deni. Fundi alipwe mshahara mliopatana, siku ile ile. Rafiki hawakuja kwa mshahara, lakini msiseme ya kwamba hawadai kitu. Wadai chakula kizuri cha siku ile. Tena wadai siku yenu, pale paa la nyumba yao litakapovuja au msiba utakapowafikia. Mwandike majina yao katika daftari ile ile ya nambari za waya, na chini yake andikeni: dawa ya deni kulipa. Wala msiwasahau akina mama waliopika kwa watu wanane juu ya jiko moja.

Na yule kijana wa taa? Fundi alimwita Jumamosi iliyofuata, akampa spana yake mwenyewe.