Draiva bila leseni si zawadi

Jamani, tuache kudanganyana. Juzi nilitafuta draiva ya DS18B20, kile kipimajoto cha waya mmoja, kwa mashine ya mteja ya kutotolesha vifaranga. Nikapata moja mtandaoni. Kipimo cha kwanza: nyuzi 85! Mashine ikadhani mayai yanaungua, ikazima hita. Kumbe 85 ni namba ya kuanzia tu. Kupima kwa biti 12 huchukua hadi milisekunde 750, na mwandishi hakusubiri.

Kurekebisha ni mstari mmoja. Lakini kumuuzia mteja? Hapana. Hakuweka leseni, kwa hiyo haki zote zimebaki zake. Nimeandika yangu upya, siku mbili zimekwenda. Ndugu zangu, ongezeni faili moja la leseni, MIT au BSD. Ni dakika moja!